Mjadala: Miswada ya kale ya Lamu na Mombasa iliyoko London, irudi au picha zatosha?

Mjukuu wa Langoni (mleta mada)

Ndugu zangu, salaam. Hili limenikaa rohoni tangu Ramadhani, bora nilitoe.

Maktaba ya SOAS, chuo cha Chuo Kikuu cha London, ni katika maktaba kubwa duniani za masomo ya Asia, Afrika na Mashariki ya Kati, ina vitabu zaidi ya milioni 1. Humo mna makasha ya miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: karatasi za W. E. Taylor, mmishonari aliyekaa Mombasa karne ya 19, za watafiti William Hichens na Jan Knappert, na za mtu wetu Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyehamia London akafanya kazi pale pale, akafariki 2008. Mingi imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Unasoma bure, hukuombwa hata senti.

Basi usiku mmoja nimelala chali, simu mkononi, nakuza ukurasa wa utenzi. Nikakuza hadi nikaona pale kalamu ilipochovywa: wino umekolea, neno la pili umepungua, la nne umefifia, kisha umekolea tena. Nikamsikia mwandishi akivuta pumzi. Halafu nikakasirika.

Kwetu palikuwa na daftari la bibi mzaa mama. Jalada lake kalishona kwa kipande cha kanga, ndani tenzi alizozinakili kwa mkono wake. Akaja mtafiti, mtu mwema tu, akala kwetu siku tatu, akaliazima kwa "wiki mbili". Nilikuwa darasa la sita. Leo nina watoto, na daftari halijarudi.

Msimamo wangu: irudi. Sisemi yote iliibwa. Nasema kitu kilichoandikwa Lamu kwa ajili ya kusomwa na kughaniwa Lamu, mtoto wa Lamu asipande ndege na kuomba viza ndiyo akiguse.

Mkutubi Mstaafu, Dar

Mwanangu, pole kwa daftari la bibi. Hilo ni deni na aliyelichukua anajijua. Ila usilifungie kapu moja na mengine.

Chukua mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Muyaka kafariki 1840. Aliyehangaika kuyakusanya kwa waliokuwa bado wanayakumbuka ni Mwalimu Sikujua, Mswahili mwenzetu, naye ndiye aliyemsaidia Taylor. Sikujua kafariki 1890. Karatasi zile zisingetunzwa, leo Muyaka angekuwa jina tu. Au mchukue Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945: mchonga milango, mtunzi, fundi wa khati, yaani mwandiko wa herufi za Kiarabu. Alinakili tenzi kwa kuagizwa na Wazungu na akalipwa, akina Hichens na yule Mjerumani Dammann. Sasa niambie, kitu kilichoagizwa na kulipiwa kinarudishwaje? Na kwa nani? Kwa wajukuu wa Kijuma? Makumbusho ya Lamu? Serikali Nairobi?

La pili nalisema kwa aibu. Nimefanya kazi ya maktaba miaka 31. Mahali fulani nilipokuwa, kiyoyozi cha chumba cha nyaraka kiliharibika mwezi wa kumi na moja, fundi akaja mwezi wa nne. Tulipofungua kabati la chini mchwa walikuwa wameacha majalada yamesimama wima kama kawaida. Ukiligusa linaporomoka.

Mbishi wa Kisauni

Shikamoo mzee. Lakini hoja ya "hamna pa kuweka" imechakaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maktaba mpya tangu 2018, ya msaada wa Wachina, inakalisha watu zaidi ya 2,000. Na chuo hicho hicho kina miswada aliyoikusanya J. W. T. Allen, katalogi yake ilichapishwa 1970. Ile haikwenda Ulaya. Ipo hapa hapa, pamoja na tepu za sauti. Mbona hakuna anayesema nayo ihamishwe kwa usalama wake?

Na tukisema irudi, tusiishie London. Mswada wa 1728 wa utenzi wa Tambuka uko Hamburg. Barua za Kiswahili za kale kabisa tunazozijua, za 1711, ziko Goa, India.

Mkutubi Mstaafu, Dar

Marahaba. Za Goa ziliandikwa zikatumwa kwa Wareno, kijana. Barua ni ya aliyepelekewa. Hapo unavua nchi kavu.

Mpita Njia

😂😂 nimekaa kwenye kona na kahawa yangu, endeleeni

Msomaji wa Cape Town

Niseme upande wangu kidogo. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Ukumbi wa kusomea ukateketea, na sehemu kubwa ya vitabu vya masomo ya Afrika, takriban 70,000, ikaenda. Vyumba vya chini vilinusurika kwa sababu milango ya chuma ya kuzuia moto ilijishusha yenyewe. Halafu maji ya zimamoto yakaingia huko chini. Watu wa kujitolea walikaa siku nyingi wakipokezana kreti mkono kwa mkono kama wanaojenga nyumba.

Kabla hamjasema "mmeona, Afrika!", British Library ya London ilivamiwa na wadukuzi Oktoba 2023, na miswada yake ya kidijitali ikazimika kwa miezi. Kwa hiyo picha nazo zinaungua, moshi ndio hauonekani. Mimi sina neno na irudi au isirudi. Neno langu ni kwamba kitu cha pahali pamoja ni kitu cha kupotea.

Ustadhati

Kaka zangu na baba zangu, mnagombania sanduku na ufunguo hamnao.

Nafundisha madrasa Mombasa. Wanafunzi wangu wanasoma Kurani vizuri sana. Wiki iliyopita niliwapa ukurasa mmoja wa mswada wa Kiswahili wakakwama mstari wa kwanza. Si ajabu. Katika maandishi ya zamani, herufi be hiyo hiyo ni b, ni p, ni mb. Alama ya irabu ya kisiri moja ni i na e. Ya dhuma moja ni u na o. Neno lile lile walisoma "siba", binti mmoja akasema "sepa" darasa zima likacheka, mpaka nikawaambia tafuteni mnyama. Ndipo likatoka "simba". Hujui neno ila uwe unalijua tayari.

Sasa nenda kwenye hizo picha za bure. Maelezo ya katalogi ni Kiingereza. Mama yangu anasoma khati hii kama anavyokunywa maji, Kiingereza hajui. Mwanangu Kiingereza anacho, khati hana. Wote wawili wamefungiwa nje ya mlango ulio wazi. Kabla hamjadai karatasi, dai katalogi kwa Kiswahili, na dai wazee kama mama walipwe waketi waseme hili ni neno gani. Kijuma alilipwa, wao wasilipwe kwa nini? Hawana miaka mingi.

Mjukuu wa Langoni (mleta mada)

Ustadhati, umenikata maini. Nakubali la katalogi na la wazee lote. Lakini nashikilia langu. Hilo la kuwaketisha wazee lingekuwa rahisi zaidi kama karatasi zingekuwa Lamu. Picha ya simu mama ataishika vipi? Bibi yangu alikuwa anafuata mstari kwa kijiti cha ufagio, anarudi nyuma, anaghani, anarudi tena. Ukimpa simu ataigusa mara moja, ukurasa uruke.

Mzee wangu wa Dar, kuhusu malipo: sawa, Kijuma alilipwa kwa mkono wake. Utenzi wenyewe alioukopi ulikuwa wa nani? Aliulizwa nani?

Mkutubi Mstaafu, Dar

Hapo umenipata kidogo. Kidogo tu.

Niulize na mimi. Bibi alikuwa na daftari moja tu?

Mjukuu wa Langoni (mleta mada)

Lipo jingine kwa shangazi, kijijini Matondoni. Limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, juu ya kabati.

Mkutubi Mstaafu, Dar

Nailoni! Litoe leo, mwanangu. Nailoni linatoa jasho, karatasi inashikana. Lifunge kwa kitambaa cha pamba kisafi, lilaze, usilisimamishe. Na ulipige picha kabla ya masika, ukurasa kwa ukurasa, mchana, kivulini.

Mjukuu wa Langoni (mleta mada)

Ijumaa nitavuka niende. Picha nitapiga. Sasa nikishapiga, mzee, nizipeleke wapi?