Zulia langu la viraka limenyonyoka beseni zima, nimekosea wapi?

Subira_wa_Moro
Habari za jioni, mafundi. Nashona magauni na sare za shule, mabaki yamejaa viroba vitatu chini ya meza. Nikaona video, mtu anapanga vitambaa tabaka kwa tabaka, anapiga mistari ya cherehani, anakata katikati ya mistari bila kugusa tabaka la chini. Akifua, vinachanua manyoya kama kiwavi. Nikatengeneza la mlangoni: chini jinzi, juu tabaka nne, mistari nusu inchi, nimenyoosha kwa rula. Kulifua Jumamosi, nyuzi zikajaa beseni ungedhani nimeogesha paka. Sehemu nyingine zimebaki kipara, jinzi inaonekana. Za bluu ndiyo kwanza hazikuchanua hata kidogo. Mume wangu analiita kuku aliyenyonyolewa nusu.

Fundi_Mzee
Mwanangu, mistari uliipiga kufuata uzi wa kitambaa au mshazari?

Subira_wa_Moro
Kufuata uzi, baba.

Fundi_Mzee
Ndiyo hapo. Ukikata sambamba na uzi, zile nyuzi za ukingoni hazijashikwa na mshono popote, zinachomoka ndefundefu. Piga kona kwa kona, digrii 45. Kila uzi utapita chini ya mshono, ukingo uchanue na usiachie. Ni bayasi ileile, ule utepe uliokatwa mshazari, unayoweka shingoni mwa gauni, umeisahau tu. Na mkasi usiuache utembee peke yake: kata kipande chembamba cha chupa ya maji, kiingize juu ya jinzi, ndipo ukate. Mimi niliwahi kutoboa hadi chini, kazi ya siku mbili.

MamaZuu_Tanga
Hizo za bluu si mabaki ya sare, shoga? Hiyo tetroni, ina poliesta ndani, haichanui hata uisugue mwaka. Choma ncha: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda tonge gumu. Vitenge navyo vichome, vingine siku hizi ni poliesta tupu. Mimi natumia khanga kuukuu, zile zimefuliwa mpaka zimelainika, na flaneli ya nguo za watoto. Likiwa bado bichi lisugue kwa brashi ya kufulia kwenda kinyume na mistari, likung'ute, anika. Wa kwenye video wana mashine ya kukaushia, sisi tuna mikono.

Subira_wa_Moro
Nimejaribu kipande cha kiganja: khanga tatu juu ya kitambaa cha marekani, mshazari. Kufua mara ya kwanza kikawa hivihivi. Ya pili, kimevimba! Asanteni sana. Sasa lile la kwanza nilifanyeje, nilifumue?

Fundi_Mzee
Ufumue mistari yote hiyo? Litandike chini ya cherehani, isitembee ukikanyaga.