Metali kadhaa kwa pamoja majini: viluwiluwi hawafi, lakini hawakui

Mlezi wa Viluwiluwi aliuliza:
Habari za kazi, wanajukwaa. Nimelea mayai ya chura katika maji yenye shaba, zinki na kadmiamu, kila moja kwa kiasi ambacho ikiwa peke yake haidhuru. Baada ya saa 96, muda wa kawaida wa kipimo cha sumu cha siku chache, karibu wote walikuwa hai. Leo, wiki ya tano, wamedumaa, wengine mikia imepinda, na miguu ya nyuma imechelewa kuchomoza kuliko ya wenzao wa maji safi. Je, mchanganyiko unaweza kufanya hivyo?

Mpima Sumu:
Unaweza. Pa kuanzia ni kugawanya kiasi cha kila metali kwa kiasi kinachoua nusu ya viluwiluwi inapokuwa peke yake, kisha kujumlisha. Shaba ikitoa 0.4, zinki 0.3 na kadmiamu 0.3, jumla ni 1, na tungetarajia nusu wafe ingawa hakuna metali iliyofikia hata nusu ya kiwango chake. Udhaifu wa hesabu hiyo ni kwamba inachukulia metali haziingiliani, ilhali kadmiamu hupenya matamvua kupitia njia za kalisi, nayo zinki hugombea njia hizo, hivyo pengine ikampunguzia mnyama kadmiamu badala ya kumzidishia madhara. Shaba hushambulia kwingine: huvuruga vimeng'enya vinavyosukuma sodiamu, na mwili ukavuja chumvi.

Fundi Maabara:
Maji yenyewe ni ya namna gani? Kalisi ikiwa chache, metali hupenya kwa urahisi zaidi. Mboji iliyoyeyuka nayo huinasa shaba. Tena, usitegemee ulichotia, maana sehemu yake hung'ang'ania kuta za chombo na chakula.

Mlezi wa Viluwiluwi:
Ni maji laini, yaani yenye kalisi chache, na metali nilizipima siku ya kwanza tu.

Mwanafunzi wa Amfibia:
Basi pima tena, na usiishie saa 96, kwani kipimo hicho hukoma kabla miguu haijaota. Miguu ya mbele inapotokeza, kiluwiluwi huacha kula kwa sababu mdomo na utumbo vinaundwa upya; huishi kwa akiba aliyojiwekea, na aliyedumaa hana akiba ya kutosha. Chunguza pia midomo kwa hadubini. Huko South Carolina, Marekani, viluwiluwi walioishi kwenye madimbwi ya majivu ya makaa ya mawe, yenye metali nyingi kwa pamoja, walikutwa na mapengo katika safu za vijino wanavyokwangulia mwani, wakashindwa kula vizuri na ukuaji ukapungua. (Kama wako ni Xenopus, yaani vyura wa Afrika wenye kucha, usivitafute; hao huchuja chakula majini na hawana vijino hivyo.) Mimi ningempima uzito kila mmoja siku miguu ya mbele inapotoka, na kuandika tarehe yake.