Kahawa ya nyumbani: sufuria, birika la moka au frenchi presi, ipi inalipa?

kapera_wa_dodoma
Wakuu habari za jumapili. Nimechoka na kahawa ya kopo ya kukoroga. Bro kaniletea nusu kilo ya arabika kutoka Moshi, imeshasagwa, nikaipika kwenye sufuria kama chai ikatoka chungu kama mwarobaini na unga tele mdomoni, iliniuma sana maana harufu yake ilikuwa tamu. Nina mtungi wa gesi wa kilo 6, naishi mwenyewe, saa 12 asubuhi niko njiani. Ninunue nini?

bintiunguja
Kaka sufuria haina kosa, umeichemsha mno. Maji yachemke kwanza na tangawizi ya kuponda na iliki, ndo utie kahawa, ikifura mara mbili epua, iache itulie dakika 5 unga ushuke, mimina taratibu bila kutikisa. Huku kwetu inahamia kwenye dele, lile birika la kahawa, juu ya mkaa kidogo, vikombe vidogo na kashata pembeni, sukari haitiwi ndani. Mimi sibadilishi na chombo chochote.

meru_asubuhi
Dada hiyo ni tamu lakini ni ya jioni barazani, huyu anawahi gari. Chukua birika la moka mkuu, lile la Kiitaliano la tangu 1933, maji yanakaa chini, kahawa katikati, yakichemka yanapanda kupitia kahawa hadi juu. Maji yasipite ile valvu ya pembeni, kahawa jaza ila usiishindilie, moto mdogo kabisa, likianza kukoroma zima hapo hapo. Watu wengi wanaliacha linakoroma mpaka mwisho halafu wanasema moka inaunguza kahawa, hapana, ni wao. Dakika 5 au 6 umemaliza na gesi haiendi. Kwenye jiko la gesi dogo linayumba, weka kipande cha waya wa wavu chini yake.

nai_kikombe
Mimi niko Nairobi na natumia frenchi presi, lile jagi la kioo lenye kichujio cha kusukuma, gramu 30 kwa nusu lita, dakika 4, sukuma kichujio polepole halafu mimina YOTE, ukiacha ndani inaendelea kukolea mpaka inakuwa chungu. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa hivyo sisubiri yapoe. Ubaya wake ni kioo, nimeshavunja mbili nikiosha. Lakini kaka hujasema, hiyo kahawa imesagwa vipi? Hapo ndipo penye jibu.

kapera_wa_dodoma
Laini kabisa, kama unga wa sembe.

nai_kikombe
Basi frenchi presi isahau kwa mfuko huo, inataka chenga kubwa, unga utapita wote kwenye wavu na utakunywa tope.

meru_asubuhi
Na moka pia inataka iwe kama chumvi ya mezani, ikiwa unga kabisa maji yanashindwa kupanda. Kwa hiyo nusu kilo hii ipike kama alivyosema dada, ikiisha nunua iliyosagwa saizi ya moka, au bora zaidi buni iliyokaangwa na kisagio cha mkono usage ya siku ile ile, utaona tofauti.

mzee_wa_karatasi
Wanangu, mnasahau koni ya plastiki na karatasi ya kuchujia. Mimi nina kolesteroli, daktari aliniambia kahawa isiyochujwa kwa karatasi inabaki na mafuta yanayoipandisha. Shida huku mkoani karatasi hazipatikani kirahisi, naagiza Dar za miezi kadhaa.

bintiunguja
Shikamoo mzee, hilo la mafuta sikulijua, na mama yangu anakunywa vikombe sita kwa siku. Kitambaa kinafaa?

mzee_wa_karatasi
Marahaba mwanangu. Kitambaa kinapunguza ila karatasi inashika zaidi. Ukitumia kitambaa kioshe kwa maji matupu, sabuni inabaki na utaionja kwenye kahawa.

kapera_wa_dodoma
Nimejaribu ya bintiunguja sasa hivi, nimeiacha dakika 5 kwa saa kabisa. Unga wote umebaki chini, na kwa mara ya kwanza nimeonja kahawa yenyewe. Moka nanunua mwisho wa mwezi, meru_asubuhi mtu mmoja anunue ya vikombe vingapi?

meru_asubuhi
Ya vitatu mkuu. Ni vikombe vidogo vya Kiitaliano, vyote vitatu vinatosha mtu mmoja. Na usiitumie nusu, inataka ijae.