Kwa nini risasi moja hupendwa na nyingine inayofanana nayo husahaulika?

Mlengaji Mgeni
Wakuu, naomba ufafanuzi. Nimelinganisha aina mbili za risasi za bunduki, 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, na .260 Remington iliyoitangulia kwa miaka kumi, na sioni tofauti ya maana: kipenyo cha kichwa cha risasi ni kilekile na kasi zao zinakaribiana. Hata hivyo, wawindaji na walenga shabaha wamekimbilia Creedmoor. Je, ni nguvu ya matangazo tu? Nauliza kwa sababu bunduki yangu ni ya .260.

Fundi Mitutu
Ndugu, matangazo yalikuwepo, lakini hayatoshi kueleza jambo hili. Jedwali la kasi huzungumzia risasi peke yake, ilhali mpigaji hununua risasi, mtutu na magazini kwa pamoja. Ganda la .260 lina urefu wa milimita 51.7, na la Creedmoor milimita 48.8. Milimita tatu ni kidogo, lakini magazini ya bunduki iliyoundwa kwa risasi fupi kama hizi haitanuki. Kwa hiyo anayetaka kutumia kichwa kirefu chenye ncha kali, kile kinachopasua hewa vizuri na kisichosukumwa sana na upepo, hulazimika katika .260 kukizamisha ndani ya ganda, ambako kinakula nafasi ya baruti. Creedmoor ilichorwa ikiwa tayari imekiachia kichwa hicho nafasi, na bunduki zake zilitoka kiwandani na mitutu inayoizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 8, mzunguko wa kasi unaokizuia kichwa kirefu kisiyumbe.

Kisa hiki si kigeni. Mwaka 1955 zilitoka .243 Winchester na .244 Remington, zote zikiwa na kichwa cha milimita 6, na kama ni ukubwa wa ganda, .244 ndiyo iliyobeba baruti nyingi zaidi. Ila Remington waliifikiria kama risasi ya wanyama wadogo waharibifu, wakaipa mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 12, ambao haukuweza kutuliza vyema vichwa vingi vizito vya gramu 6.5, vya kuwindia paa. Winchester waliweka inchi 10, na mwindaji wa paa akapata bunduki moja ya kazi zote mbili. Baadaye Remington waliongeza kasi ya mzunguko, na mwaka 1963 wakabadilisha hata jina, ikawa 6mm Remington, lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Mwindaji Mkongwe
Hesabu za fundi sizipingi, ila nadhani amepita haraka kwenye suala la upatikanaji. .30-06 ilipokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na askari waliorudi kutoka vitani walitaka kuwinda kwa risasi waliyoizoea, ambayo pia ilipatikana kila mahali. .308 Winchester ya mwaka 1952 nayo ilibebwa na undugu wake na risasi ya 7.62x51 ya majeshi ya NATO. Kwa upande mwingine, .270 Winchester ya mwaka 1925 haikuwa na jeshi nyuma yake. Ilikuwa na Jack O'Connor, mwandishi wa habari za uwindaji aliyeisifu kwa miongo mingi, kwa hiyo kalamu nayo tusiidharau.

Tena kuna bega. Bunduki isiyopiga bega kwa nguvu haimfanyi mtu afumbe macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na anayelenga vizuri huisifu risasi yake kwa kila anayekutana naye. Hapo lakini Creedmoor na .260 ni sawa kabisa.

Mlengaji Mgeni
Nashukuru. Basi .260 yangu niiuze?

Fundi Mitutu
Kwa nini uiuze? Mnyama hatatambua tofauti. Shida yako itakuwa kupata risasi za kiwandani za aina mbalimbali. Lakini kama unajaza risasi zako mwenyewe, maganda ya .243 yanaweza kupanuliwa shingo yakawa ya .260, kwa kuwa yote mawili yametokana na .308. Vichwa vya milimita 6.5, kwa sababu ya umaarufu huohuo wa Creedmoor, havijawahi kuwa vingi kama sasa.