Kahawa imepanda bei duniani, mbona Burundi bado haina dola za mafuta?

Mtumbwi_Kgm
Wakuu, habari za saa hizi. Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa ratili soko la New York. Burundi kahawa yao karibu yote ni arabika, na pamoja na chai ndiyo imeibeba nchi miaka nenda rudi. Lakini foleni za mafuta Bujumbura ziko palepale, na mkulima wa Kayanza, kule kaskazini kwenye kahawa, analia kilio kilekile. Kila nikiuliza najibiwa "hawana bahari". Kweli umbali wa bandari ndio unaokula hiyo hela? Mwenye hesabu anisaidie, kuanzia mbuni hadi melini.

Gunia60
Mkuu, umbali unakula kidogo kuliko watu wanavyodhani. Piga hesabu hivi.

Kilo 1 ya kahawa safi (punje kavu iliyokobolewa, tayari kuuzwa nje) inatoka kwenye kilo 6 hadi 7 za kahawa mbivu iliyochumwa mtini. Chukua 6.5. Bei ya New York inatajwa kwa ratili, na kilo moja ni ratili 2.2046. Kwa hiyo bei ikiwa dola 3, kilo ya kahawa safi ni dola 6.61. Toa, kwa mfano tu, senti 60 za kuosha, kukausha na riba ya benki, na senti 40 za kukoboa, lori na bandari. Inabaki 5.61. Gawa kwa 6.5 unapata senti 86 kwa kilo moja ya kahawa mbivu. Hapo hata faida ya mnunuzi hatujaigusa.

Sasa zigeuze senti 86 kuwa faranga, ndipo mambo yanapoharibika. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha faranga kutoka karibu 2,080 hadi karibu 2,830 kwa dola. Mwisho wa 2024 bei rasmi ilikuwa bado haijafika 3,000, wakati mtaani dola ilikuwa inauzwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa 2,900, senti 86 ni faranga 2,500 hivi. Kwa 6,000 ni kama 5,160. Kahawa inauzwa kupitia benki, kwa hiyo inahesabiwa kwa bei ya kwanza. Sabuni, sukari na bati ambavyo mkulima ananunua sokoni vinafuata bei ya pili. Hiyo tofauti inakula nusu ya jasho lake kabla lori halijawashwa.

Na usiangalie bei peke yake, tazama na tani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Burundi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 30,000 kwa mwaka. Siku hizi haifiki hapo. Bei ikipanda maradufu na mzigo umepungua kwa nusu, umerudi ulikotoka.

Ekseli7
Naongezea upande wa barabara, maana Gunia60 kaupita haraka.

Kontena la futi 20 linachukua magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Lori likikutoza dola 2,500 kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam (zaidi ya kilomita 1,400, unavuka mpaka wa Kobero na Kabanga), hiyo ni senti 13 kwa kilo. Kwa kahawa ya dola 6.61 ni asilimia 2. Kahawa inauhimili umbali kwa sababu ina thamani kubwa kwa uzito mdogo. Isitoshe malori mengi yanapanda na saruji, ngano na mafuta na kushuka matupu, kwa hiyo mzigo wa kushuka unapata punguzo.

Umbali unauma kwenye vinavyoingia. Chukua mbolea: tani ikiwa dola 400 bandarini, mfuko wa kilo 50 ni dola 20. Usafiri ukiwa dola 120 kwa tani, umeongeza dola 6 kwa kila mfuko, asilimia 30, kabla ya duka na bodaboda. Basi mkulima anaweka mbolea kiganja badala ya kipimo, mavuno yanashuka, na dola zinashuka.

Kosa moja la wageni: wanataka kupakia makontena mawili ya kahawa kwenye lori moja. Kahawa tani 38.4, makontena matupu yenyewe zaidi ya tani 4, lori na trela lake tani 15 na ushee. Umeshapita tani 56 za sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mizani hawatakuhurumia. Yapakie magunia bila kontena, uyapange kwenye kontena ukifika Dar. Lakini turubai liwe zima, maana gunia likilowa mara moja tu linaota ukungu.

Kichanja
Wote mmesema kweli, ila mmesahau saa. Kahawa mbivu haisubiri. Iliyochumwa leo inatakiwa imenywe (itolewe ganda la nje) leo leo, ndani ya saa 8 hivi tangu kuchumwa. Ikilala kwenye gunia inaanza kuchacha ndani ya ganda, na ladha ya uchachu haitoki hata uioshe vipi.

Sasa unganisha na mafuta. Msimu ni Machi hadi Juni au Julai. Dizeli ikikosekana Aprili, lori la kukusanya haliendi mlimani na mashine ya kumenya inazimwa. Kahawa ambayo ingeuzwa kwa nyongeza juu ya bei ya New York inauzwa kwa punguzo chini yake. Dola zinapungua, na mwakani dizeli inakuwa adimu zaidi. Dizeli inahitajika kila siku, dola za kahawa zinaingia msimu mmoja kwa mwaka.

Halafu kuna "ladha ya kiazi". Kunguni wa kahawa anatoboa tunda, punje inabaki na harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Kwa macho wakati mwingine huioni. Punje chache tu zinaharibu kikombe kizima. Kinga yake: pogoa mti upitishe hewa, mwaga kahawa mbivu kwenye maji na uondoe zinazoelea, kisha chambua kwenye kichanja wakati bado ina unyevu, ndipo alama za kunguni zinaonekana vizuri. Baada ya hapo kausha taratibu, wiki mbili hadi tatu, mpaka unyevu uwe asilimia 11 hadi 12.

Mtumbwi_Kgm
Asanteni sana wakuu. Mawili ya mwisho: magendo ya kwenda Rwanda yanachukua sehemu gani kwenye hii hesabu? Na mavuno yanaweza kurudi?

Gunia60
Magendo yanafuata ile tofauti ya faranga 2,500 na 5,160. Mnunuzi wa ng'ambo ya mto Akanyaru, upande wa Rwanda, akilipa katikati, tuseme 3,500, mkulima kapata nafuu na mnunuzi kapata nafuu. Burundi ilifunga mpaka wa nchi kavu Januari 2024, lakini gunia la kichwani halipiti kwenye geti. Mbivu inavuka usiku uleule kwa sababu ya hizo saa 8 za Kichanja. Nyingine inamenywa nyumbani na kukaushwa, maana hiyo inaweza kusubiri. Na malipo ya upande rasmi yakichelewa, hata bei ikiwa sawa, anayeshika taslimu ndiye anayepewa kahawa.

Kichanja
Mavuno yanarudi, ila kwa uvumilivu. Mibuni mingi ni mizee. Baada ya kuvuna, kata shina sentimita 30 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari maji yasituame, acha machipukizi matatu yenye nguvu na ng'oa mengine. Ukikata, mti haukupi kitu karibu miaka miwili, kwa hiyo usikate shamba zima: theluthi moja kila mwaka. Mwenye miti 200 anakata 65 hivi, anapanda maharage katikati ya visiki. Wengi hawakati kwa sababu hawana cha kula hiyo miaka miwili. Mradi unaogawa miche bila kuliangalia hilo, miche inaishia pembeni ya migomba, haijapandwa.