Mama anaogopa kuikaribia Meza ya Bwana: je, huku ndiko kumcha Mungu?

Mwana wa Masindi
Wapendwa, nawasalimu katika Bwana. Mama yangu ana umri wa miaka 71, na kwa miaka sita hajashiriki Meza ya Bwana, yaani mkate na kikombe cha ushirika kanisani. Zamani aling'oa miti ya mpaka usiku na kuisogeza hatua chache ndani ya shamba la jirani. Ardhi alikwisha kuirudisha, naye jirani akamsamehe mbele ya wazee. Hata hivyo, wenzake wanapokwenda mbele, yeye hubaki kwenye benchi la nyuma, ameshika ncha ya leso yake, akisema kwamba alaye isivyostahili hujilia hukumu. Nikimtajia rehema, hunijibu kwamba kizazi chetu hakimchi Mungu. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Msomaji, Jinja
Ndugu yangu, usimwambie mama aache kumcha Mungu, kwa maana hapo hatakusikiliza, na atakuwa na haki. Kwa Luganda tunasema *okutya*, yaani kuogopa, kwa chui na kwa Mungu vilevile, lakini Kiswahili kimetupatia neno kucha, yaani kuogopa kwa heshima, na tofauti hiyo ina uzito. Katika Kutoka 20:20 Musa anawaambia watu wasiogope, kisha papo hapo anasema hofu ya Mungu iwe mbele yao ili wasitende dhambi. Hofu moja inawakimbiza mbali na Mlima Sinai, Mungu aliposhuka, nyingine inawazuia wasirudie uovu. Zaburi 130:4 inakwenda mbali zaidi: "Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe." Msamaha ndio unaozaa uchaji.

Kuhusu hukumu anayoihofia, msomee pia mstari unaotangulia, 1 Wakorintho 11:28. Paulo anasema mtu ajihoji, na hivyo aule mkate. Hasemi ajihoji kisha abaki alipo. Tena waliokemewa pale Korintho ni watu waliokula na kulewa huku maskini wakikaa na njaa, jambo lililo mbali kabisa na mama anayelilia kosa alilokwisha kulitengeneza.

Mlokole, Kabale
Naongeza neno moja. Katika uamsho wa kikristo ulioenea huku Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, miaka ya 1930, waliotubu walirudisha walivyoiba, na mama amefanya hivyohivyo. Wanaopaswa kutetemeka ni sisi tunaopanga mstari huku mali ya watu ikiwa bado nyumbani kwetu.

Mwanakwaya
Ikiwa mnasali Kianglikana, mkumbushe sala ile ya kabla ya kushiriki, ambapo tunakiri kwamba hatustahili hata kuokota makombo chini ya meza, na bado tunakwenda. Aliyeitunga hakudhani kwamba wanaostahili wangepatikana.

Mwana wa Masindi
Nawashukuru sana. Jioni hii nilimsomea sura yote kando ya jiko, naye akaniomba nirudie mstari wa 28 mara mbili. Hajasema kama atakwenda mbele Jumapili, nami sikumuuliza.