Morris Minor, MGB GT au Land Rover Series III: ipi ya kuanzia hapa Nairobi?

Mwana_Langata

Habari zenu nyote. Nimewasoma humu kwa muda mrefu nikiwa kimya, leo nimekuja na swali lenye pesa ndani yake.

Kwa wiki mbili nimezunguka nikitazama magari matatu. La kwanza ni Morris Minor 1000 ya 1967, milango minne, injini ya cc 1098. Iko Ngara kwa mzee mmoja mstaafu aliyeitunza tangu ujana wake. Inawaka na inatembea, ila inatoa moshi mweusi na rangi imefifia kabisa. La pili ni MGB GT ya 1972, iko Karen, nyekundu, inameta utadhani imetoka kiwandani jana. La tatu ni Land Rover Series III ya 1978, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ya petroli, ilikuwa ya shamba upande wa Thika.

Pesa yangu inatosha gari moja na matengenezo ya mwaka wa kwanza, basi. Naishi Lang'ata, nina kibanda chenye paa. Gari litatoka Jumapili, mara mojamoja literemke Naivasha au Magadi, nikiwa na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Ndoto yangu ni kulisimamisha siku moja kwenye nyasi za uwanja wa farasi wa Ngong Road siku ya Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri. Spana nashika: Probox yangu naibadilishia oili na plagi mwenyewe. Kabureta sijawahi kuifungua.

Moyo umeiangukia MGB. Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Ndovu109

Chukua Land Rover, ndugu yangu. Land Rover ziliunganishwa hapa hapa Thika, kwenye kile kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya kabla ya kuwa KVM (Kenya Vehicle Manufacturers), na mafundi walioishika ni wengi mpaka leo. Unashuka Kirinyaga Road na kipande kibovu mkononi, unarudi na kizima, iwe bushi, wili silinda au sahani ya klachi. Bodi ni alumini, haiozi kama bati. Watoto wawili, hema, sufuria na majirani wote wanaingia.

Yangu ni ya 1976, nimefika nayo Turkana mara mbili. Kubali mapema kwamba utakwenda kilomita 80 kwa saa, kwamba mtaongea kwa sauti ya juu, na kwamba inakunywa. Yangu inanipa kilomita 6 hivi kwa lita, na hapo imerekebishwa vizuri.

Binti_wa_GT

Kaka Mwana_Langata, nina GT mwaka wa tisa sasa. Naipenda kuliko gari lolote nililowahi kumiliki, na ndiyo maana nakuomba usiinunue kwa macho.

MGB haina chesi. Nguvu yake yote imo kwenye sakafu na kwenye ile mihimili ya chuma inayopita chini ya milango. Kutu ikiila, gari linapinda katikati. Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na kwenye pembe za chini za mabawa ya mbele. Mahali isiponata, ujue rangi imekalia puti ya kuziba mashimo, si chuma. Halafu mwombe mwenye gari akuruhusu kuliinua kwa jeki upande mmoja, kisha ufungue mlango wa upande huo na kuufunga. Ukianza kukwaruza, ondoka.

Yangu niliinunua ikimeta vivyo hivyo. Miezi minne baadaye fundi alichomeka bisibisi chini ya mlango wa dereva, ikazama hadi mpini. Kuchomelea pande zote mbili kulinigharimu kuliko bei niliyonunulia gari lenyewe, na nililia, sitaficha.

Kuhusu spea, hali si mbaya kama watu wanavyodhani. Karibu kila kipande cha MGB bado kinatengenezwa Uingereza, hata bodi nzima mpya, ambayo British Motor Heritage wanaitoa tangu 1988. Kinachouma ni nauli ya mzigo, ushuru na kungoja. Sisi watu watano wa klabu huagiza pamoja mara mbili kwa mwaka tukagawana gharama. Ukiwa peke yako, gasketi moja inakuwa na bei ya mbuzi.

Kuhusu watoto: kiti cha nyuma cha GT ni cha mtoto mdogo. Wa miaka 7 atafika Kiserian. Wa miaka 11 magoti yatagusa kidevu.

Fundi_Grogan

Nimekuwa kwenye kazi hii tangu 1989. Nimesoma maswali ya watu wengi humu, na karibu wote huuliza injini kwanza. Injini za magari haya yote matatu ni rahisi. Ukiwa na subira unaifungua kwenye turubai chini ya mwembe na kuifunga tena. Kinachomaliza pesa ya mtu ni kutu. Kwa hiyo anza umelala chali na tochi.

Land Rover: Ndovu amesema kweli kuhusu bodi, lakini bodi hiyo imekalia chesi ya chuma, na chesi ya gari la shamba imekaa na matope kwa zaidi ya miaka 40. Chukua nyundo ndogo, anza na boriti ya nyuma kabisa, uje nayo mbele mpaka mahali springi zinaposhikia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu. Angalia pia bati la kuwekea miguu, pande zote mbili.

Minor: tazama ile boriti inayokingama chini ya viti vya mbele, hasa ncha zake, na mahali springi za nyuma zinaposhikia. Kisha njoo kwenye tranioni za mbele. Hizi ni viungo vyenye uzi kama wa bolti, na gurudumu lote linageuka humo. Kitabu cha gari kinataka zitiwe grisi kila maili 1,000, yaani kilomita 1,600 hivi. Mtu akisahau kwa miaka, uzi unaisha, na siku moja ukikata kona kiungo kinachomoka, gurudumu linalala chini ya bawa. Nimelivuta Minor moja la namna hiyo kutoka mzunguko wa Pangani. Hakuna aliyeumia kwa sababu lilikuwa linatembea polepole. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, hesabu gharama hiyo kabla ya kupatana bei.

Moshi mweusi wa huyo mzee wa Ngara usikutishe. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kabureta ya SU iliyopangwa kwa hewa nzito ya chini itatoa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia, na plagi zitakuwa nyeusi kama masizi ya chungu. Pasha injini moto kwanza. Kisha tumia kile kipini kidogo kilicho ubavuni mwa kabureta kuinua pistoni milimita moja hivi. Mlio ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni chache. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umepatia. Nati ya kurekebisha iko chini ya kabureta, na kwa hiyo ya Minor ukiipandisha juu unapunguza petroli. Zungusha upande mmoja tu wa nati kwa wakati, kisha upime tena. Usisahau kutia oili nyepesi kwenye mnara wa kabureta. Wengi hukuta pakavu, wakadhani kabureta imekufa.

Kijana_wa_Limuru

Fundi, swali. Nikiipangia petroli chache hapa Limuru, ambapo tuko zaidi ya mita 2,000, halafu nikateremka Magadi au Mombasa, si itakosa petroli?

Fundi_Grogan

Ndiyo, na injini ikikosa petroli inachemka na kuunguza vali. Hewa ya Magadi ni nzito na ni joto juu ya joto. Mimi huacha kabureta ya gari la klabu na petroli kidogo zaidi ya kipimo cha Nairobi. Plagi iwe na rangi ya kahawa ya maziwa, isiwe nyeupe. Mtu anayekwenda Mombasa namwambia arudishe upande mmoja wa nati kabla ya kuondoka.

Jambo jingine la mwinuko: maji matupu hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, hayangoji 100. Kifuniko cha redieta ndicho kinachoshikilia presha ili yasichemke mapema. Kikilegea, utachemka kwenye foleni ya Waiyaki Way na utalaumu redieta bure.

Shangazi_Minor

Wanangu, nimekuja kuitetea gari yangu. Naendesha Minor ya 1964 kila Jumapili kwenda kanisani na kurudi, na imewahi kuniacha njiani mara moja tu. Pampu ya petroli ya umeme iliyo karibu na ukuta wa injini iliacha kugonga. Niliigonga kwa kiatu, ikaanza tik tik tik, nikafika nyumbani. Kesho yake nikasafisha pointi zake kwa karatasi laini ya msasa. Nimetimiza miaka 68, na nilifanya mwenyewe.

Lakini mwanangu Mwana_Langata, nikuambie mawili. Breki za Minor ni ngoma pande zote, na masta silinda iko chini ya sakafu, upande wa miguu ya dereva. Kwa sababu haionekani, watu wanaisahau. Inua zulia, fungua kifuniko, tazama kiasi cha mafuta ya breki kila mwezi. Ukiteremka Mai Mahiu na familia, weka gia ya tatu au hata ya pili tangu juu, kabla ya kanisa lile la Waitaliano. Ukiiachia kwenye gia ya nne na kukanyaga breki mpaka chini, ngoma zitapata moto na mguu utazama. Wenye malori watapiga honi. Waache wapige.

La pili, umeme wake. Minor hizi zina dinamo, na chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, si hasi kama kwenye magari ya leo. Kijana wa redio akija kukufungia kitu bila kuuliza, ataunguza. Andika kwa rangi nyeupe karibu na betri, kama nilivyofanya mimi.

Ndovu109

Shangazi, heshima zako. Lakini umesema mwenyewe breki ni ngoma na ina injini ya cc 1098. Watu wanne, mizigo, na kupanda kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru?

Shangazi_Minor

Napanda kwa gia ya tatu, Ndovu, na kwa ya pili palipo pakali. Nafika. Na yangu inakwenda kilomita 12 kwa lita.

Kijana_wa_Limuru

Na petroli isiyo na risasi? Nasikia inaharibu vali za injini za zamani.

Fundi_Grogan

Petroli ya risasi ilikwisha huku kwetu mwanzoni mwa 2006, na bado magari haya yanatembea. Risasi ilikuwa inakinga viti vya vali. Bila hiyo, vali ya ekzosi inachimba kiti chake polepole, hasa ukikimbiza injini masafa marefu. Dalili ni nafasi ya tapeti, yaani mwanya mdogo kati ya vali na mkono unaoisukuma, kupungua kila unapopima. Kwa Minor nafasi ni inchi 0.012, kwa MGB 0.015, kwa Land Rover 0.010. Zipime injini ikiwa baridi, andika kwenye daftari. Zikiendelea kupungua, siku ya kufungua silinda hedi weka viti vigumu. Anayeendesha Jumapili tu asikimbilie kazi hiyo.

Mwana_Langata

Nimerudi. Jumamosi nilikwenda kote kutatu na sumaku, nyundo na tochi, mke wangu akishika daftari.

MGB ya Karen: sumaku ilianguka mara tatu upande wa kushoto. Mwenye gari alikataa jeki isiguse gari lake. Nilishukuru nikaondoka, na njia nzima hadi nyumbani sikusema neno. Ilikuwa nyekundu ile ile niliyoiona nikiwa mtoto.

Land Rover ya Thika ni nzima kuliko nilivyotarajia. Boriti ya nyuma tu ndiyo imeoza, mengine yalilia vizuri. Kama ningekuwa na shamba, ningeichukua siku hiyo hiyo. Ndovu, ulisema kweli. Ila kwa petroli ninayoweza kununua, ingetoka mara moja kwa mwezi, na gari linalosimama linakufa.

Minor ya Ngara: ncha za boriti ni ngumu, bisibisi haikuingia. Tranioni ya kulia inacheza. Mzee alitoa daftari lenye kila huduma tangu 1974, kwa mwandiko mmoja. Alimruhusu binti yangu wa miaka 11 apige honi. Bei tumepatana, naye amepunguza kwa ajili ya tranioni. Jumapili nakwenda na fundi wa klabu kuichukua, Jumatatu nianze kubadilisha jina kwenye logbook.

Binti_wa_GT, asante kwa kisa cha bisibisi.

Binti_wa_GT

Karibu sana. Ukihitaji breki shuu na seti ya mipira ya wili silinda, oda yetu inafungwa mwisho wa mwezi. Nitumie orodha, ya Minor na MGB inakuja kwenye mzigo mmoja.

Ndovu109

Safari ya kwanza ya Magadi nitakuwa nyuma yako na kamba ya kuvutia. Si kwa ubaya. Nataka tu watoto wafike.

Fundi_Grogan

Mwana_Langata, usiiendeshe kutoka Ngara na tranioni hiyo, hata kama mzee anasema imezoea. Jumapili nitakuja na pampu ya grisi na jeki. Ikishika grisi na mchezo ukapungua, tutatembea nayo polepole kupitia mjini asubuhi mapema kabla ya matatu kuamka. Isiposhika, tutaipakia kwenye gari la kuvuta. Leta oili ya 20W50 lita sita na kitu. Injini inachukua karibu lita 4, na gia boksi ya Minor nayo inatumia oili hiyo hiyo ya injini, zaidi ya lita moja. EP90, ile oili ya gia, ni ya difu, si ya gia boksi. Usikubali mtu akuuzie nyingine kwa ajili ya gia boksi.